Steki ya ishara: glibc haikukosea kuiondoa namba

Tangu toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, lilipotoka Agosti 2021, lawama dhidi yake hazijaisha, na hapa Kigoma huzisikia kwa vijana wa Mwanga wanaoandika programu kwenye kompyuta za mitumba: kodi iliyokuwa ikikompailiwa kwa miaka sasa inagoma. Mstari unaogoma huwa ni uleule, static char steki[SIGSTKSZ], ambao hutenga memori mapema ili kishughulikiaji cha ishara (kodi inayoitwa mfumo unapoiarifu programu jambo, kama vile kosa) kipate pa kufanyia kazi steki ya kawaida, yaani memori ya kazi za muda, ikishajaa. Zamani SIGSTKSZ, ukubwa wa steki hiyo ya ishara kwa baiti, ilikuwa 8192 tu kwenye prosesa za Intel na AMD. Sasa, _GNU_SOURCE (swichi ya kuwasha nyongeza za GNU) ikiwapo, ni swali linaloulizwa kwa sysconf, kitendakazi cha kuulizia mipangilio ya mfumo, programu ikiwa tayari inaendeshwa, na safu ya kudumu haipimwi kwa jibu ambalo bado halijapatikana.

Walalamikaji wana hoja. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inataka thamani hiyo ijulikane wakati wa kukompaili, na g++, kompaila ya C++, huwasha _GNU_SOURCE bila kuombwa, ndiyo maana Catch2, maktaba ya majaribio ya C++, iliwagomea watu ambao hawakuwa wameomba chochote cha GNU. Zaidi ya hayo, kompyuta nyingi za mitumba hazina AVX-512, amri za prosesa zinazotumia rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) pana, na mwenye kompyuta kama hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini asumbuliwe na prosesa ya mwenzake.

Ila programu inayokompailiwa Mwanga aghalabu haiendeshwi Mwanga. Hupelekwa kwenye seva ya kukodi ng'ambo, na ile 8192 husafiri ndani yake. Huko, ishara inapofika, kerneli hunakili hali ya rejista za prosesa kwenye steki kabla kishughulikiaji hakijaanza. AVX-512 ina rejista 32 za baiti 64, jumla 2048, ambayo ndiyo hasa MINSIGSTKSZ ya zamani: kile kilichoitwa kiwango cha chini kimekwisha kabla rejista nyingine yoyote haijahesabiwa. Kisha ikaja AMX, nyongeza ya Intel ya hesabu za matriki, yenye vigae 8 vya baiti 1024, na hivyo peke yake ni 8192, yaani SIGSTKSZ nzima. Kabla ya Linux 5.14, kilichozidi kiliweza kuandikwa juu ya data ya jirani kimyakimya. Programu ikaendelea, kisha ikaharibika baadaye mahali pasipohusiana kabisa na ishara. Mbele ya hilo, kompaila kugoma mchana kweupe ni nafuu kubwa.

Wanaosema ingetosha kuikuza namba waitazame ARM ya biti 64, familia nyingine ya prosesa. Huko kima cha chini kiliwekwa 5120, ilhali rejista 32 za SVE, nyongeza yake ya vekta, zinazoweza kufika baiti 256 kila moja, zinaweza kudai 8192. Wala namba mpya haiwafikii waliokwisha kukompaili.

Lawama ninayoikubali ni ya ujumbe wa kosa, ambao hulalamikia ukubwa wa safu bila kumwambia mtu chochote kuhusu ishara. Dawa yenyewe ni mistari michache: uliza sysconf(_SC_SIGSTKSZ) mwanzoni mwa main, tenga kwa malloc, kisha kabidhi kwa sigaltstack, inayoiambia kerneli itumie steki hiyo kwa ishara. Usisubiri kuyafanya hayo ndani ya kishughulikiaji, kwa kuwa malloc si salama humo. Na kila uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) uandaliwe steki yake, maana ile ya main haizifai nyuzi nyingine.