Kibao cha Stuttgart na mtaro wa Dar

Jana nimerudi kazini saa mbili usiku, nimechoka kama punda, nakuta kibao kinaning'inia kwenye kitasa cha mlango wangu. Kibao kidogo cha mbao, kimeandikwa Kehrwoche. Maana yake wiki hii ni zamu yangu kufagia ngazi, korido na kipande cha njia mbele ya nyumba, na theluji ikidondoka niamke alfajiri nikaikwangue kabla watu hawajaanza kuteleza. Aliyekitundika ni bibi wa ghorofa ya pili, miaka themanini na ushee, zamu yake imeisha. Hakugonga wala nini, katundika kaenda kulala.

Nikasonya. Nisiwadanganye, nilisonya kweli.

Hapa Stuttgart, Ujerumani, huu mchezo ni wa zamani sana. Sheria ya jiji iliyokuwa inawalazimisha ilifutwa 1988 lakini kibao bado kinazunguka, kimehamia kwenye mikataba ya nyumba na kwenye macho ya majirani. Ukiruka zamu ya ngazi haji mgambo, ila huyo bibi atakuangalia mpaka utamani mgambo.

Sasa nafagia huku nawaza mtaro wetu kule Dar. Mwenyekiti anasubiri manispaa, manispaa inasubiri bajeti, sie tunamsubiri mwenyekiti. Mvua ikikolea kuna mtu anaona hapo ndo pa kutapishia choo, halafu asubuhi na yeye yupo mlangoni na ndoo anakumba maji kama wenzake, tena anailaani serikali kwa sauti kuliko sisi wote.

Najua mtakachosema. Kakaa Ulaya miaka minne keshatuona washamba. Jamani, mimi huyu huyu nimekua natupa maganda ya miwa kwenye huo mtaro, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nilikuwa najifungia ndani najifanya naumwa mpaka saa nne ipite. Malaika gani hapo?

Mwingine ataniambia wenzetu wana hela, wana magari ya taka. Sawa, wanayo na yanapita kwa ratiba, wakati kwetu utakusanya uchafu vizuri ukae wiki mbili mpaka utoe funza. Hilo ni deni la manispaa, walipe, sijawatetea. Lakini ufagio nilioshika jana hauna teknolojia yoyote, ni ufagio tu. Na tuliwahi kuweza bwana. Mnakumbuka 9 Desemba 2015, Magufuli kafuta sherehe za Uhuru, anaokota taka pale Feri, na sie mtaa mzima tukatoka na mafagio? Mtaro ulipumua siku ile. Baada ya hapo tukarudi kusubiri, safari hii tunasubiri Rais aje tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwenye mengine hatusubiri mtu. Akifariki mama wa jirani, saa moja haijapita turubai lishafungwa, daftari la rambirambi linazunguka, vijana wako makaburini na majembe, hamna aliyeuliza bajeti iko wapi. Huku mwaka juzi mzee wa ghorofa ya nne alifariki tukajua baada ya siku tano, tena tulishtuka kwa sababu kibao kilikwama mlangoni kwake, hakikuhamia kwa wa pembeni. Ngazi za ghorofa zote zinang'aa, mtu yuko ndani amelala hivyo. Siku ile nilimpigia mama simu nikashindwa hata kumwambia nimepigia nini. Kwa hiyo mkidhani nawasifia hawa watu mmenisoma vibaya. Mimi nataka msiba wetu na kibao chao, vyote viwili, sioni kwanini nichague.

Nikamtumia mdogo wangu voisi ya dakika sita, nikamweleza nyumba sita, wiki sita, kibao kimoja, kila nyumba isafishe mtaro wiki yake kisha ikabidhi kwa inayofuata. Akasikiliza yote, zile alama mbili zikawa bluu. Nusu saa nzima kimya. Halafu akajibu: "Wazo zuri kaka. Tuma hela ya kibao."

Nimetuma. Leo siku ya tatu, nasubiri picha.