Kisheti cha kwanza akunje mtoto

Bibi yangu alikuwa na uma ambao haukuruhusiwa kulia chakula. Ulikaa juu ya kabati la vyombo mwaka mzima, umefungwa kwenye kitambaa pamoja na chanuo jipya lisilowahi kugusa nywele, na ulishuka mara mbili tu: Idi ndogo na Idi kubwa. Ukimwona Bibi anausuuza uma ule, ujue ni visheti, vile vitafunwa vya unga vinavyokaangwa na kuvikwa shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji. Sisi mwezi tuliuona jikoni kabla haujaonekana angani.

Nyumba ilikuwa Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Tulikuwa wajukuu saba, nane, inategemea nani kaletwa likizo. Bibi alitandika mkeka uani, akakaa kwenye kibao chake, akatugawia kila mmoja kipande cha unga uliokwisha kukandwa. Unakata kidonge kama kunazi, unakibandika juu ya meno ya uma, unakibana kwa kidole gumba na kukivuta kuja kwako. Kikikubali, kinajikunja chenyewe kama kauri, kina mistari mgongoni. Kikikataa, unakuwa na kitu kama sikio la panya. Bibi hakutupa hata kimoja. Masikio ya panya yaliingia karaini pamoja na kauri zake, na asubuhi ya Idi, sinia likifunuliwa kawa, kila mtoto alikuwa anachakura: "Hiki changu! Hiki changu mimi!" Mimi vyangu nilivibana mara mbili, kwa hiyo vilikuwa na kiuno. Kisheti chenye kiuno nilikijua hata gizani.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu kuna mjadala mmoja unarudi kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho: kwamba watoto wa siku hizi hawana sikukuu, wana simu. Sikubaliani nao. Watoto ni wale wale. Tulichowanyang'anya ni kazi. Tumeifanya sikukuu kitu cha kuletewa kwenye mfuko, halafu tunashangaa wanaipokea kama kitu cha kuletewa kwenye mfuko.

Na hapa sinyooshi kidole kwa mtu. Miaka minne mfululizo mimi mwenyewe nilinunua makopo ya biskuti, yale mazuri yenye picha ya ua kwenye kifuniko, nikajiona baba wa maana. Adhuhuri ya Idi mosi makopo yalikuwa matupu, na hakuna aliyekumbuka alikula nini. Kopo moja ndilo lililobaki na heshima yake. Tunawekea sindano.

Kilichobadilisha mambo ni uchovu wa mke wangu. Idi ya Aprili 2024, mvua inanyesha Dar es Salaam kama imetumwa, binti yangu akaanza: mbona kina fulani kwao wanapika visheti? Mama yake alikuwa anakunja nguo. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Baba watoto, mimi mwaka huu sikai mbele ya karai. Mkitaka visheti, kaeni nyinyi."

Tukakaa sisi.

Unga haukutusumbua. Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vitatu vya kulia vya samli iliyoyeyushwa, hiliki ya kutwanga, chumvi kidogo sana. Unafikicha kwa vidole mpaka ukiufumbata unga unashikana, ukiuachia unamomonyoka. Ndipo unatia tui vuguvugu kidogo kidogo, unakanda mpaka donge liwe laini ila lisinate. Kazi hii mtoto wa miaka mitano anaiweza na anaipenda kuliko sote, maana ni tope linaloruhusiwa. Kukunja nako hakukuwa tabu. Kijana wangu mkubwa alijitia kuona haya dakika kumi hivi, akaona mdogo wake anamshinda, haya zikaisha. Mafuta yawe ya moto wa wastani, vinginevyo vinapiga rangi nje na ndani vinabaki unga.

Shira ndiyo iliyotuumbua. Nilijua inatiwa ndimu, nimemwona Bibi akikamua ndimu mara chungu nzima. Nikakamua. Nikamwagia visheti, nikageuza, nikageuza, wanangu watatu wameshika vijiko wanasubiri kuona weupe wa sukari ikiganda. Weupe haukuja. Visheti vikakaa vimelowa, vinang'aa, vimenata kama vimepakwa gundi. Nikafanya lile ambalo mwanamume hufanya jikoni akibanwa: nikavirudisha motoni vyote. Baada ya muda kidogo karai lilikuwa na jiwe moja la kahawia, na ndani yake visheti vimekaa kama wadudu kwenye ulimbo.

Nikampigia shangazi Tanga.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Habari za funga?"

"Nzuri. Shangazi, shira imekuwa jiwe."

Akacheka mpaka nikasikia anaweka simu chini. Aliporudi: "Ulitia ndimu?"

"Nilitia."

"Ndimu ya kaimati hiyo, mwanangu. Kaimati unataka zing'ae. Kisheti unataka kigande. Ukitia ndimu sukari haigandi mpaka kesho."

Ndivyo ilivyo. Uchachu wa ndimu unaivunja sukari, chembe zake zinashindwa kushikana tena, shira inabaki majimaji na kung'aa. Kwa kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaangwa vinavyoliwa na shira, hiyo ndiyo sifa. Kwa visheti unataka kinyume chake: sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, chemsha mpaka ukichovya kijiko na kuigusa shira iliyopoa kwa vidole viwili inavuta uzi, epua, mimina, halafu geuza bila kupumzika. Kule kugeuza huku inapoa ndiko kunakoirudisha sukari kuwa chembe, na weupe unakuja ghafla, kama ukungu. Jaribio la pili tulipofika hapo, kitinda mimba wangu alipiga kelele ambazo jirani alidhani kuna nyoka. Hakuna biskuti ya kopo iliyowahi kupigiwa kelele zile.

Neno moja kwa wazazi kabla sijaendelea: shira inaunguza kuliko maji ya moto, kwa sababu inanasa kwenye ngozi. Kwetu mkeka ndio mpaka. Watoto wanabaki mkekani na unga wao, mtu mzima peke yake ndiye anayesogelea karai. Kugeuza nako wanageuza kwa mwiko mrefu, sufuria ikishakaa chini na mvuke umekata.

Hapo kwenye visheti ndipo tulipoanzia, na nyumba yetu sasa ina mila zake mbili tatu ambazo hata Tanga hatukuwa nazo. Ya kwanza ni zaka ya fitri. Fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, mkubwa kwa mdogo, na inatakiwa itoke kabla ya swala ya Idi. Wengi wetu siku hizi tunatuma pesa kwa simu, na hakuna ubaya, ila mtoto haoni kitu. Sisi tunapima mchele. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba tunacho, cha bati, nilikinunua sokoni kwa muuza maharage. Kitinda mimba ndiye anayehesabu kwa sauti: kibaba cha kwanza cha Baba, cha pili cha Baba, mpaka anafika kwake mwenyewe, na hapo anajaza kwa kilima. Mwaka jana aliuliza kama paka naye ana pishi. Kaka yake akamwambia paka hafungi. Akajibu, "Na mimi sifungi." Ilibidi nitoke nje nicheke.

Ya pili ni taa za makopo. Kopo la maziwa ya unga, msumari na nyundo, unatoboa nyota na mwezi mchanga ubavuni, ndani unasimamisha kipande cha mshumaa. Ukilitoboa kopo tupu linabonyea na kuwa sura ya ajabu. Lijaze maji, weka friza mpaka yagande, ndipo ugonge, barafu inalishikilia kwa ndani. (Usilijaze mpaka juu, maji yakiganda yanafutuka.) Kijana wangu, yule wa haya, sasa ni fundi mkuu wa idara hii na hapendi kuingiliwa. Usiku mwezi ukiandama tunazipanga barazani. Na usipoandama, maana Ramadhani ni siku 29 au 30 na hakuna anayejua mpaka itangazwe, taa zinarudi ndani, visheti vinafichwa juu ya kabati, na nyumba nzima inalala imenuna. Mimi siku ile ya kusubiri naipenda kuliko Idi yenyewe. Mtoto anayeletewa kila kitu kwa kubonyeza simu anahitaji kitu kimoja duniani ambacho baba yake hawezi kukiharakisha.

Hina tunapaka, ila hapa nina ugomvi na baadhi ya ndugu zangu. Hina ya majani, iliyosagwa na kukorogwa kwa ndimu, inataka saa kadhaa mkononi na inatoa rangi ya machungwa inayokoza kesho yake. Watoto hawana subira hiyo, kwa hiyo watu wanawapaka piko, kwa sababu ni jeusi na linashika upesi. Piko mara nyingi ni dawa ya nywele, ina kemikali kali, na kuna watoto wanaota malengelenge yanayofuata ua lote kama lilivyochorwa. Binti yangu analala na hina yake mikono imefungwa mifuko ya nailoni. Asubuhi shuka zina hali mbaya. Shuka zinafuliwa.

Sasa niseme lile ambalo wanaume tukikumbuka sikukuu za zamani huwa tunaliruka. Bibi yangu usiku wa kuamkia Idi hakulala. Visheti, vileja, kaimati, tambi za asubuhi, mkate wa mayai unaopaliwa makaa juu na chini, nguo za kupiga pasi, na wajukuu wanane wa kuogesha. Mama yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuoga asubuhi ile kila mwaka, na nina kumbukumbu ya babu kakaa barazani na kanzu yake imenyooka, anauliza kahawa iko wapi. Utamu tunaousimulia ulikuwa na mgongo uliokuwa unauma. Mtu akiniambia "turudishe mila zetu" nitamuuliza kwanza: nani atakaa mbele ya karai?

Kwa hiyo msimamo wangu ni mdogo, na najua baadhi ya shangazi zangu hawatanisamehe. Nyumba ichague kitu kimoja. Kimoja tu, kipikwe na watoto, na baba awemo tangu kukanda mpaka kusugua karai. Vilivyobaki vinunuliwe, na vinunuliwe kwa jirani. Vileja vyetu tunaagiza kwa mama mmoja mtaani ambaye Ramadhani ndiyo msimu wake. Anatumia unga wa mchele na samli halisi, na vinayeyuka ulimi ukivigusa tu. Mimi sitafika pale hata nikizaliwa upya. Tone lile jekundu juu ya kileja anaweka kwa juisi ya bitiruti. Kujifanya nitampiku kwa sababu ya "mila" ni kiburi, tena ni kumnyima ridhiki.

Ila visheti ni vyetu. Tena nisidanganye, vya mke wangu alipokuwa akipika vilikuwa vizuri zaidi. Vyetu havilingani. Vingine vina kiuno, naona limekuwa jambo la damu. Vingine ni herufi za majina, na mwaka jana palikuwa na kimoja ambacho mwenyewe aliapa ni bodaboda. Tunavipanga kwenye sahani, watoto wanapeleka mlango kwa mlango, na mtaani kwetu sahani hairudi tupu. Tumewahi kurudishiwa ndimu sita, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na mara moja kifaranga hai, ambacho ni habari nyingine kabisa.

Jirani yetu wa upande wa kushoto ni Mkristo. Tulimpelekea visheti Idi, akakaa na sahani yetu miezi, tukajua imepotea. Asubuhi ya Krismasi mwanawe akabisha hodi, kaishika kwa mikono miwili, imejaa maandazi na mapaja ya kuku, na chini ya ile yetu kaongeza sahani yake ya maua, kwa sababu vitu havikuenea. Yetu tumeipata. Ya maua bado iko kabatini kwetu, na binti yangu ameshaniuliza mara mbili itarudi na nini. Idi iko mbali, nimemwambia. Jana nimemkuta juu ya kiti, anautafuta uma.