Wewe kabila gani?

Ukiulizwa swali hilo Dar es Salaam, unajua unachokozwa. Sema wewe Mpare, hapohapo utaulizwa umeuza ng'ombe wangapi kuendesha kesi ya kuku. Mimi nimekulia humo. Kwa hiyo nilipokwenda kupanga chumba Nairobi, mwenye nyumba akaniuliza swali lilelile bila kutabasamu, nilijisikia nimetukanwa. Nikarudi nyumbani na ule wimbo wetu: Wakenya wana ukabila, sisi Mwalimu Nyerere alishatuponya.

Siku hizi siuimbi kwa sauti ile. Mimi sikuchagua kutojali kabila. Nimelelewa hivyo, na malezi yenyewe yaligharamiwa. Machifu waliondolewa madarakani mara baada ya uhuru, shule za bweni zikamchanganya Mhaya na Mngoni, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likamalizia. Sensa ya mwisho kutuuliza kabila ni ya 1967. Tena tulibahatika: makabila zaidi ya 120, na hata Wasukuma, walio wengi kuliko wote, hawafiki popote karibu na nusu ya nchi.

Mkenya amekulia kwingine. Sensa yake ya 2019 inamwambia Wakikuyu ni milioni 8.1, Waluhya 6.8, Wakalenjin 6.4, Waluo 5.1. Sheria ya utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kwa sikio la Kitanzania, huko ni kumtibu mlevi kwa pombe.

Hofu hiyo ina msingi. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930, na mwaka 1994 watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuuawa kwa neno hilo moja. Rwanda ya leo imelifuta, na nani atailaumu? Ila sheria ya Kenya ilikuja baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika ghasia za uchaguzi wa 2007. Kabla ya hapo hesabu ya makabila ilikuwepo siku zote, ndani ya vichwa vya waliogawa vyeo na ardhi. Sheria iliitoa kichwani ikaiweka kwenye karatasi, ambako aliyenyimwa anaweza kuinyooshea kidole.

Kilichonibadilisha hasa ni Wamakonde. Kwetu Mmakonde ni jirani wa Newala au Mtwara, mtu wa vinyago na ngoma ya sindimba. Hakuna anayemdai uthibitisho kwamba yupo. Wenzao walivuka kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya. Wakazaa Kwale, wakazikana Kwale, lakini hawakuwemo kwenye orodha ya makabila, na asiye na kabila alikosa kitambulisho. Bila kitambulisho hupati ajira rasmi, hufungui akaunti ya benki, hata laini ya simu unaandikisha kwa jina la rafiki. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Aliagiza wapewe vitambulisho, wakawa kabila la 43.

Mkosoaji atasema, na kwa haki, kwamba orodha iliyowakomboa ndiyo iliyowafungia nje nusu karne na zaidi. Wanubi wa Kibera na Wasomali wa Kenya wanajua ilivyokuwa kuitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa uthibitishe uraia ambao jirani yako alipewa bila kuulizwa. Hilo sina jibu lake kamili. Ninachoona ni kwamba Wamakonde wale hawakutembea kwenda kudai orodha ichanwe. Walitaka kuandikwa. Kusema kabila halina maana ni rahisi kwa mtu ambaye halijawahi kumgharimu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Na sisi hatukuacha kuhesabu kabisa. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawiwa kwa mikoa, maana Kilimanjaro na Bukoba, zenye kahawa na shule za misheni, zilikuwa zimetangulia mno. Kila mtu alijua mkoa ulisimama badala ya nini. Hesabu hiyo iliwafaa makabila yenye mkoa wa kusimama badala yao.

Wahadzabe hawana mkoa. Mwaka 2011 wale wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, kwa sababu kuna waliosimama wakasema hawa ni Wahadzabe na hii ndiyo ardhi yao ya kuwinda na kuchimba mizizi. Lakini idadi yao hutajwa kwa makadirio ya watafiti, elfu moja na ushei. Sensa ya 2022 ilitaka kujua kaya ina choo cha aina gani na kama ina redio. Kabila halikuwemo kwenye dodoso.