Msimtukane konda, tazameni hesabu ya tajiri

Mnawatukana makonda wa daladala za Dar kwa kusubiri gari lijae; hebu kwanza niwape habari ya mabasi ya huku London, nayo husimama. Tangazo linaloudhi kuliko yote ndani yake ni lile la mashine linalosema basi litasimama kidogo ili kupanga nafasi kati yake na mabasi mengine. Barabara nyeupe, taa ya kijani, watu wamechelewa kazini, na dereva katulia tu. Konda hakuna, kwa hiyo hata wa kumfokea hayupo.

Najua mtakachosema: "Analilia dakika mbili! Aje Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi." Haya, ila kusimama huko kuna sababu. Tuseme ruti ina basi kila dakika 8. La mbele likikuta kundi kubwa kituoni, linachelewa. Likichelewa, kituo kinachofuata kinakuwa na watu zaidi, nalo linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta vituo vitupu, linalifikia, yanaongozana mawili, na pengo kabla au baada yake linaweza kufika dakika 16. Ndiyo maana la nyuma linazuiwa mapema. Daladala husimama kusubiri walipaji wa hapo kituoni. Hili husimama kwa ajili ya watu walio vituo vya mbele, ambao bado hata viatu hawajavaa.

Dereva anakubali kwa kuwa haimgharimu kitu. Nauli inaingia kwa mamlaka ya usafiri ya jiji, kampuni inalipwa kwa mkataba wa kuendesha ruti, na yeye analipwa kwa saa. Safari zikirukwa kwa uzembe wa kampuni, malipo yanakatwa. Kwenye ruti zenye mabasi matano au zaidi kwa saa hupimwa muda ambao abiria amesubiri kupita kiasi, nao una bonasi na adhabu yake.

Kwetu Dar suka (dereva) na konda wana hesabu ya tajiri, yaani kiasi anachodai mwenye gari kila siku, kisha mafuta, mpiga debe na trafiki. Kinachobaki ndicho chao. Mkiwapa hesabu hiyo watafanya nini kama si kujaza, kukimbizana na kukatisha ruti jioni? Mwanafunzi anasukumwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, ila hesabu ya tajiri haipungui hata senti. London watoto chini ya miaka 16 wenye kadi yao hupanda basi bure, na dereva hana neno.

Na kugeuza je? Jioni Kariakoo mtu anapanda gari linaloingia, analipa hadi mwisho wa ruti ili asishuke, kisha analipa tena kurudi nyumbani, yote apate siti. London ukigusa kadi basi la kwanza, mengine utakayopanda ndani ya saa moja hulipii. Wao wanapanda mawili kwa nauli moja, sisi tunapanda moja kwa nauli mbili!

Sasa yule anayesema "Wazungu wana ustaarabu, sisi uswahili mwingi" ndiye anayenikera zaidi, kuliko anayeniambia najidai. Mwaka 1986 Uingereza iliachia mabasi nje ya London soko huria. Huko Manchester kampuni zikagombania abiria katika barabara zilezile, mabasi yakapangana katikati ya jiji huku ruti zisizolipa zikiachwa. Wazungu haohao. Jiji lilianza kurudi kwenye mfumo wa mikataba kama wa London mwaka 2023 na likakamilisha Januari 2025.

Kwa hiyo semina za "lugha nzuri kwa abiria" ni kupoteza chai na soda. Toeni nauli mkononi mwa konda. Wamiliki wa ruti moja wawe na mfuko mmoja, tajiri alipwe kwa kilomita gari lilizotembea, na mtu wa kituoni aachie magari kwa kufuata saa, liwe limejaa au la. Hapo tatizo litageuka: dereva asiyehitaji abiria atapita kituo bila kusimama, kama wanavyofanya baadhi ya madereva huku. Lazima basi mpime na muda wa watu kusubiri, msiishie kwenye kilomita.

Halafu kuna saa nane mchana, gari lina watu sita. Viti vilivyobaki lazima alipe mtu. London kuna ruzuku. Dar vinalipwa na suka na konda, na mpaka hapo watakapopata mwingine wa kuvilipia, wataendelea kusubiri gari lijae.