Kabla hujafunga stratiba, chungulia bushi

Chuma chenyewe nilikinunua 180,000, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa tayari kula yamini kwamba Toyota IST yangu imekuwa gari nyingine. Nazungumzia stratiba, ile nondo ya rangi inayolala juu ya injini ikishika vichwa vya shokapu za mbele, kulia na kushoto. Ukifungua boneti pale Chumbageni, hapa Tanga, kuangalia maji, vijana wawili watatu lazima wasogee. Hiyo nayo ina raha yake, sikatai.

Muuzaji aliniahidi mambo matatu: usukani utaitika haraka, gari haitalala kwenye kona, na mashimoni itakuwa laini kama kitanda. La kwanza lina ukweli wa kuokoteza. La pili si kazi ya chuma kile. La tatu sijui alilitoa wapi.

Aliyenizindua ni fundi wangu, mzee mwenye gereji chini ya mwarobaini huku Ngamiani. Nilimpelekea gari kwa sababu nyingine kabisa, breki zilikuwa zinapiga kelele. Nikafungua boneti kwa mbwembwe.

"Shikamoo mzee. Umeiona hiyo?"

"Marahaba. Nimeiona. Nzuri. Hebu tuipandishe jeki."

Akaingia chini na mtaimbo, akaupenyeza nyuma ya wishiboni ya kushoto, ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini, akasukuma. Mpira wa bushi, ule unaokaa pale mkono huo unapoungana na gari, ukafunguka mdomo kama chewa. Wishiboni ikaenda mbele, ikarudi nyuma, nusu sentimita hivi, naiona kwa macho yangu. Mzee akatoka chini, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaniambia, "Mwanangu, umetia kufuli ya bei kwenye mlango usio na bawaba."

Nilinuna kidogo. Lakini neno lile lilinikaa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia mchezo huu wa vyuma kwa undani kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli zake.

Tuanze na kinachotokea pale chini. Gari ndogo tunazoendesha hapa, IST, Vitz, Passo na ndugu zao, mbele zina mfumo wa MacPherson, umepewa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, aliyeubuni miaka ya 1940. Shokapu na springi zimesimama pamoja kama nguzo moja. Chini nguzo hiyo inashikwa na wishiboni kupitia bolijointi, kiungo chenye kichwa cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Juu imefungwa kwa nati kwenye bati lililoumbwa kama sufuria iliyofudikizwa. Hapo kwenye sufuria ndipo stratiba inaposhika.

Ukikata kona, lami inalisukuma tairi kuelekea ndani ya kona. Nguvu hiyo inakwenda wapi? Tuseme bolijointi iko sentimita 20 kutoka ardhini, na kichwa cha shokapu kiko sentimita 60 juu ya bolijointi. Kwa hesabu ya wenzo ileile tuliyofundishwa sekondari, kule juu inafika theluthi moja tu ya nguvu ya tairi, tena kwa kusukuma nje. Wishiboni kule chini inabeba nguvu yote ya tairi na theluthi hiyo juu yake. Maana yake, wishiboni na bushi zake zinabeba mara nne ya kinachobebwa na sufuria. Mimi nilikuwa nimetumia 180,000 kumsaidia mwenye mzigo mdogo, mwenye mzigo mkubwa nimemwacha na mpira uliochanika.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia, labda kwa sababu naye hajawahi kulifikiria. Kwenye kona, sufuria zote mbili zinasukumwa upande mmoja. Nondo inayoziunganisha haiwezi kuzizuia zisiende, kwa sababu yenyewe haijashika kitu kingine chochote. Inachofanya ni kuifanya ile iliyoelemewa igawane mzigo na mwenzake. Ndiyo maana vyuma vya kazi kweli, vile vya magari ya mashindano, huwa na mguu wa tatu unaokwenda kushika ukuta wa nyuma ya injini, ipatikane pembetatu. Na kwenye gari fupi kama IST, sufuria zenyewe zimekaa jirani mno na ukuta huo, kiwanda kimeshaziegemeza. Gari yenye injini ndefu na pua ndefu, sufuria zake ziko mbali na ukuta, hiyo ina shida ambayo nondo inaweza kuipunguza. Yetu haina pua ya kutosha hata kuwa na shida hiyo.

Msinikubalie kwa maneno. Mimi mwenyewe sikukubali, nikamwomba mzee tufanye jaribio. Tulifungua upande mmoja wa stratiba gari ikiwa imekanyaga chini, nikachora mstari mwembamba kwa kalamu pale ncha ya chuma ilipolalia sufuria. Kisha tukapandisha jeki gurudumu moja la mbele hadi likaning'inia. Ncha ilihama. Kwa kiasi gani? Mstari wa kalamu ulitoka ukaonekana wote, basi. Hata milimita moja nina wasiwasi kama ilitimia. Linganisha na ile nusu sentimita ya bushi.

(Kama nawe unataka kujaribu, shughulika na nati za pembeni tu. Ile nati ya katikati ya shokapu usiiguse kabisa, springi iliyobanwa haina adabu.)

Sasa mbona nilihisi tofauti zile wiki mbili? Hili lilinisumbua, maana sikuwa nadanganya. Usukani ulikuwa mwepesi kuitika, gari ilisimama vizuri barabarani kwenda Muheza. Nikakumbuka kwamba kijana aliyenifungia alipomaliza alizungukia tairi zote akajaza upepo. Mbele nilikuwa natembelea 24, akaziweka 32, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Nani asiyejua kwamba tairi lenye upepo mdogo linaufanya usukani uwe kama kijiko kwenye uji? Upepo ulikuwa wa bure, sifa zote zikaenda kwa chuma.

Baada ya kubadilisha bushi, 70,000 pamoja na ufundi, nikaamua nimalize ubishi. Binamu yangu alikuwa analala kwangu. Alfajiri, kabla bajaji hazijajaa, nikawa nasimama pembeni kidogo ya kipilefti, nashuka, nageuka nyuma, yeye anafungua au anafunga chuma halafu anashusha boneti. Mara nyingine alifungua akafunga tena, makusudi ya kunichanganya. Napanda, nazunguka kipilefti mara tatu kwa mwendo uleule, nasema kipo au hakipo. Mara nane. Nilipatia tano. Ningerusha shilingi ningepatia nne. Mlinzi wa jirani alituuliza kama tumepoteza kitu.

Sasa nije kwenye ule ulaini wa mashimoni, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Gurudumu likiingia shimoni, kinachokunja kwanza ni tairi, kisha springi, shokapu inatuliza ule mdundo, bushi na mpira wa kichwa cha shokapu vinameza kilichobaki. Springi inakunja sentimita. Bodi, kama tulivyoona kwa kalamu, haifiki hata milimita. Ukiongeza ugumu kwenye kitu ambacho karibu hakipindi, kiuno chako hakitapata habari. Na kwa wale wanaofunga chuma halafu wanabadilisha rimu, kutoka inchi 15 yenye tairi la 185/65 kwenda inchi 17 yenye 205/45: ukuta wa tairi umetoka kama milimita 120 umebaki 92. Huo ndio mto uliokuwa unakalia. Umeuuza mwenyewe, halafu unatafuta chuma cha kurudisha ulaini! Pita nayo kwenye rasta yoyote, yale matuta madogomadogo ya kutetemesha, ya barabara ya Segera uone dashibodi inavyoongea.

Kulala kwenye kona nako kunaamuliwa na springi, stabilaiza (ile nondo ya chini inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto) na kimo cha gari. Basi.

Sisemi kwamba kukaza bodi ni ushirikina. Toyota wenyewe, kwenye zile Vitz za toleo la G's, waliongeza nukta za kulehemu na vyuma chini ya sakafu. Lakini walibadilisha pia springi na shokapu, gari wakaishusha, yaani chuma kilikuwa mwaliko mmoja katika harusi yenye waalikwa wengi. Yamaha nao wanatengeneza kifaa cha kufunga kwenye bodi ambacho si nondo tupu, kinafanya kazi kama shokapu, kinatuliza mtetemo badala ya kuukazia. Hicho nakiheshimu, ingawa sijakitembelea. Gari isiyo na paa nayo inahitaji kila chuma inachoweza kupata. Na kama ungeniuliza sehemu gani ya hizi gari zetu ningeikaza kwanza, ningesema nyuma, kwa sababu lile tundu kubwa la mlango wa buti ni udhaifu wa kweli. Tatizo, chuma cha nyuma kinakatiza katikati ya buti. Mtu anayepita Muheza msimu wa machungwa bila kupakia kiroba ni mtu asiye na majirani.

Barabara moja tu ndiyo iliyonifanya nisite. Ile ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, korongo upande mmoja, mwamba upande wa pili. Nilipanda na chuma, nikashuka nimekitoa, chuma kimelala kwenye buti kinagongagonga. Kwenye kona mbili tatu za kubana, lami ikiwa na kiraka katikati ya kona, nilidhani nasikia usukani ukisitasita kidogo bila chuma. Nasema nilidhani. Lakini kushuka si kupanda, uzito wote umekuja mbele, na breki zilikuwa zimeshaanza kunuka. Siwezi kuiita ushahidi, naiweka tu mezani.

Kinachonitisha kwetu Tanga ni kutu zaidi ya ulegevu. Gari iliyokaa Raskazone miaka inapigwa na upepo wa chumvi, inaanza kuoza mahali usipopaona: chini ya zulia, kingo za chini ya milango, na kwenye maungio ya hizohizo sufuria. Nimeiona Vitz moja imefungwa stratiba inang'aa kama kioo cha saluni, na chini ya bamba lake rangi imefura kama andazi. Mzee aligonga kwa mpini wa bisibisi, bati likamwagika unga. Chuma kinashika bati. Bati likioza kinashika hewa. Isitoshe, ukigongwa gurudumu la kushoto, nondo ile inaweza kuupeleka msukumo hadi sufuria ya kulia, ukanyoosha mbili badala ya moja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, namjibu kwa mpangilio wa mzee wa mwarobaini: upepo, tairi, bushi, bolijointi na linki za stabilaiza, shokapu, alaimenti (kupanga mielekeo ya magurudumu). Vyote vikiwa vizima na hela bado inakuwasha mfukoni, funga chuma, na uchague rangi unayoipenda, maana rangi ndiyo sehemu yake utakayoifaidi kila siku.

Changu nimeshakitoa. Kimeegemezwa nyuma ya mlango wa jiko. Shemeji amekipenda, ana Passo, ameahidi kunipa 90,000 mwisho wa mwezi. Ile habari ya kalamu sijamsimulia bado.