E-Type kwa macho, SM kwa mgongo

Wapenzi wa magari ya zamani wakianza kubishana kuhusu gari la safari ndefu, Jaguar E-Type, gari la michezo la Kiingereza, haikosi kutajwa. Kwa uzuri, sina ubishi. Boneti ndefu kiasi kile kwenye gari jingine ingekuwa kichekesho. Lakini ukishakaa ndani huioni sura yake tena. Kinachobaki ni wewe na mgongo wako. Ndiyo maana kura yangu naipa Citroën SM, ya Wafaransa.

Yote mawili yalizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Uswisi, E-Type Machi 1961, SM Machi 1970. Watu wa Jaguar watanikumbusha kisa cha 1961: watu walijaa kutaka kulijaribu gari, Sir William Lyons, bosi wa Jaguar, akaagiza la pili, na Norman Dewis akaliendesha usiku kucha kutoka Coventry, asubuhi yuko Uswisi. Kisa kitamu. Ila Dewis alikuwa dereva wa majaribio wa kiwanda, kazi yake ilikuwa kuumia kwa niaba yetu. Injini ilikuwa moto kweli, lita 3.8, nguvu za farasi 265. Lakini gia ya kwanza iligoma kuingia gari likitembea, na pa kuweka miguu palikuwa pafinyu hadi Jaguar wenyewe wakashusha sakafu.

Sasa washa SM, na usiondoke kwanza. Gari limelala, tumbo karibu liguse lami. Linainuka nyuma, kisha mbele, kama ngamia. Halina springi, limebebwa na mafuta na mipira ya chuma yenye gesi. Usukani unazunguka mara mbili tu kutoka mwisho hadi mwisho, na ukiuachia unarudi katikati wenyewe, hata gari likiwa limesimama. Mahali pa pedali ya breki pana kitufe cha mpira mfano wa uyoga. Kikanyage kwa nguvu ulizozoea, abiria wako atabusu dashibodi. Siku ya kwanza utalichukia. Usiku, kati ya taa za mbele, mbili za upande wa ndani zinageuka pamoja na usukani, zinachungulia kona kabla hujafika. Marekani sheria ilizikataa, hasara yao.

Ugonjwa wake ni injini, V6 ya lita 2.7 kutoka Maserati, kampuni ya magari ya Italia ambayo Citroën waliinunua 1968. Cheni ya taimingi, ile inayopanga vali zifunguke wakati wake, ikilegea nawe usishtuke, injini huna. Tena unahitaji mafundi wawili: anayeijua Maserati haelewi yale mafuta ya kijani yanayolibeba gari la Citroën, na wa Citroën hataki kuigusa injini. Ukaja mgogoro wa mafuta wa 1973, Citroën ikaishia mikononi mwa Peugeot, na 1975 SM ikafungwa ikiwa yametengenezwa magari 12,920 tu. E-Type zilipita 70,000, kwa hiyo spea zipo. Hapo Jaguar inanishinda.

Ila niwe Paris usiku, kesho asubuhi natakiwa Nice, kilomita zaidi ya 900, na funguo mbili mezani? Kwenye E-Type nipigeni picha. Nitaondoka na SM.