Pai gani haina unga?

Jamani mi huu mwaka wa saba niko Coventry na baridi yao nishaizoea, tunaishi nayo kama mtu na mdai wake, lakini hili giza la Novemba hapana, hili bado. Saa kumi jioni jua limeshazama! Alasiri na magharibi zinafukuzana, hujamaliza kukunja mswala unautandika tena. Sasa siku yenyewe ndo hiyo, nje kale kamvua kao kasikonyesha wala kasikoacha, mama watoto yuko zamu mpaka saa nne usiku, na binti yangu wa miaka 8 ananitazama usoni bila huruma ananambia baba leo nataka cottage pie kama ya shule.

We mtoto, maharage yapo yameshachemshwa, yanasubiri nazi tu. Hataki.

Nkamwandikia mzee mmoja Mwingereza tunafanya naye kazi ghala moja, mtu ambaye asubuhi ukimsalimia anaguna tu, lakini nlipotaja hiyo pai alinitumia meseji tatu ndefu mfululizo, nkashangaa kumbe anaongea. Ya kwanza yote ni onyo: ukitia nyama ya ng'ombe ndo cottage, ukitia ya kondoo inaitwa shepherd's, yaani pai ya mchungaji, na usije ukachanganya. Mi nlivyosikia mchungaji nkadhani mambo ya kanisani, kumbe wa mifugo. Sasa anayechunga ng'ombe yeye sio mchungaji? Wamasai wakilisikia hili patachimbika.

Nikasoma hayo maelekezo mara mbili natafuta unga. Hakuna. Pai mi ninayoijua lazima ung'ate unga kwanza ndo uifikie nyama, hii chini nyama ya kusaga, juu viazi vya kuponda, basi. Nkakaa kwenye kiti nkacheka peke yangu. Hii si katlesi? Viazi na nyama ya kusaga, katlesi hiyo, ila mpishi kachoka kuifinyanga akaimwaga yote kwenye bakuli akaenda zake kulala. Na hilo jina la cottage pie wanalo tangu mwaka 1791, miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyesema jamani tuifunge basi tuichovye kwenye yai.

Haya nkaanza. Nyama nusu kilo ya bucha la Mpakistani hapo barabarani, viazi kilo moja (nyumbani tunaviita viazi ulaya, nimefika Ulaya hakuna anayevijua kwa jina hilo), kitunguu, karoti mbili, seleri, nyanya ya kopo vijiko viwili na kidonge cha supu. Kukaanga nyama hakunipi shida, kilichonipa shida ni ile sosi yao nyeusi ya chupa, mzee kasema bila hiyo usinihesabu. Worcestershire, herufi 14, wenyewe wanatamka Wusta wanakunywa chai. Nikageuza chupa nisome nyuma imetengenezwa na nini, nkasoma tena nkavaa miwani. Siki, molasi, vitunguu, ukwaju, na dagaa! Dagaa wa baharini waliochachishwa, wale anchovies wao. Yaani watu hawa hawa, mwaka jana nlikaanga dagaa hapa jirani akafungua madirisha yote kwenye baridi ya digrii 2, kumbe yeye mwenyewe ana dagaa kabatini kwenye chupa, kawatilia na ukwaju juu! Nlimimina vijiko viwili kwa hasira.

Kiponda viazi sina, nkatumia kitako cha kikombe, na hapo ndo mama akapiga simu kutoka Tanga. Nkaweka spika, akauliza unapiga nini huko, nkamweleza.

"Viazi vimeiva?"
"Vimeiva mama."
"Na nyama?"
"Imeiva."
"Sasa oveni ya nini mwanangu?"

Nlikosa jibu mpaka leo.

Mzee alisema iache nyama ipoe kwanza ndo upange viazi juu, mi njaa ilikuwa inauma nkapanga hapo hapo moto moto, basi viazi vikawa vinazama kimoja kimoja kama meli, mchuzi unapanda juu wenyewe. Nkaitoa nusu, nkaisubirisha dirishani robo saa, baridi ya nje nayo kwa mara ya kwanza ikafanya kazi ya maana. Halafu uma, unachora mistari juu kama tuta za mihogo, ile mistari ndo inakauka na kuwa ukoko. Hapo nakiri nlipapenda, nlichora vizuri nkaita mtoto aje aone, akasema sawa baba.

Oveni yetu namba za swichi zimefutika zamani, mwenye nyumba kila ukimwambia anasema wiki ijayo. Digrii 200 unazipata kwa kubahatisha, unazungusha hadi usikie inakohoa. Dakika 30. Mi nkakaa naangalia mita ya umeme inavyopanda kuliko pai, na kengele ya moshi nayo kwenye dakika ya 25 ikalia, nkapanda kiti napepea na kitambaa cha vyombo huku mtoto kaziba masikio anasema ya shule hailii.

Ila ilitoka. Pembe moja imeungua, katikati ina rangi ya dhahabu, mchuzi unachemka pembeni puf puf, na ile harufu, siwezi kudanganya, nyumba nzima ilipata joto ambalo hita haijawahi kutupa. Nikampakulia. Saa mbili nzima nimesimama jikoni, sufuria mbili, kikaango, chujio, bakuli, kikombe kilichokufa kazini, yeye kamaliza dakika sita. Karamba uma.

"Tamu?"
"Tamu. Ila ya shule ina njegere."

Njegere! Nkageuka, pakiti iko juu ya kaunta imeyeyuka, inachuruzika maji hadi chini, nliitoa mwenyewe saa kumi na moja.

Mama watoto karudi saa nne na nusu, hajavua hata koti, kachukua kijiko kaanzia ile pembe iliyoungua, kasimama hapo hapo kaidondoshea pilipili, anakula hasemi kitu. Nkamsubiri. Kaangalia sinki. Kaniangalia mimi. Kakwangua bakuli mpaka likalia.

"Kesho utie njegere," akasema, akaenda kulala.